Tulikufa kwa Zamu Tukinunua Jengo

Nesi mstaafu aliyekuwa akituuzia jengo lake alivaa miwani, akafungua kalamu, akauliza swali ambalo nilidhani ndilo jepesi kuliko yote ya siku ile.

"Mnunuzi ni nani?"

Tulikuwa watatu mbele yake, mimi na wadogo zangu wawili, na majibu mawili yakatoka kwa mpigo. Mimi nilisema, "Mimi." Mdogo wetu wa mwisho, dereva wa malori ambaye mtaa mzima humwita Breki, alisema, "Sisi." Dada yetu wa katikati, fundi cherehani, alikuwa amesimama kwenye dirisha kubwa la chumba cha mbele, ameinua kipande cha kitambaa cheusi kwenye mwanga, anaangalia kama uzi mweusi unaonekana.

Nesi alitutazama mmoja mmoja, akafunga kalamu.

"Nendeni nyumbani mkaulizane," alisema. "Mimi nahamia kwa binti yangu mwisho wa mwezi ujao. Mkishajua nyinyi ni nani, mniambie niandike."

Njiani Breki alicheka mpaka akajishika mbavu. "Kaka, yaani umetufuta hivi hivi, mchana kweupe!"

"Sijamfuta mtu. Mimi ndiye mkubwa."

"Si ndiyo hivyo? Mkubwa kaandikwa, wadogo tumefutwa."

Sikuona kosa langu. Kwetu jina la mkubwa ndilo linaloandikwa. Mita ya maji ya nyumba ya wazazi ilikuwa na jina langu nikiwa kijana sijaoa. Bima ya lori la Breki ilikuwa na jina langu. Hata mchonga mawe alipotengeneza jiwe la kaburi la mama, jina langu alilichonga kwa herufi kubwa karibu sawa na za marehemu, na hakuna aliyeshtuka mpaka mgeni mmoja alipokuja nyumbani kumpa pole mke wangu.

Lakini swali la nesi lilinikaa kichwani. Maisha yangu yote ya kazi nimetengeneza pampu za idara ya maji, na kitu kikinitatiza sipumziki mpaka nikifungue nione kilichomo. Nilipokuwa tayari baba wa watoto watatu nilijiandikisha masomo ya jioni, nikasoma uwekaji hesabu na sheria za biashara, nimekaa kwenye madawati ya watoto wadogo huku magoti yakinigusa kidevu. Cheti changu kipo ukutani sebuleni na hakikuwekwa pale kuziba ufa. Jioni ile nilishusha vitabu vyangu kutoka juu ya kabati, nikavipangusa, nikaanza kusoma upya. Kitabu cha sheria za biashara kilikuwa na sura nzima iliyojibu swali la nesi kwa njia nyingi, na kila njia ilionekana nzuri mpaka unapofungua ukurasa unaofuata.

Jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa moja. Juu kulikuwa na nyumba nne za kupanga, kila moja na jiko lake. Chini kulikuwa na vyumba viwili vya biashara, kimoja cha mbele kinachotazama barabara, kingine cha pembeni kinachotazama ukuta wa jirani. Ngazi za zege zilikuwa zimelika katikati kwa miguu ya wapangaji. Tanki nililikagua mwenyewe juu ya paa. Nusu ya fedha ilikuwa yangu, kiinua mgongo changu chote. Nusu iliyobaki waligawana wao sawasawa: Breki alikuwa ameuza lori lake na kurudi kuendesha la tajiri, na dada alitoa akiba ya miaka ya kushona sare za shule.

Mimi na Breki tulitaka kodi za wapangaji. Dada alitaka chumba cha mbele. Hilo alilisema tangu siku ya kwanza, na kila mtu akaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia mtu akisema atapenda kukaa karibu na dirisha. Alikuwa amehamishwa mara tatu. Mwenye nyumba wa kwanza alimwozesha mwanawe na kumpa kile chumba. Wa pili alibomolewa ukuta na watu wa barabara. Wa tatu alimpa juma moja tu, msimu wa sare ukiwa umepamba moto, na mashine yake ya ovaloki ikabebwa mvuani na haikushona tena. Sasa alikuwa nyuma ya duka la rangi, kwenye chumba kisicho na dirisha, anashona kwa taa mchana na macho yanamwuma.

Jumapili niliwaita wote nyumbani. Mke wangu alileta chai, nami nikawaeleza mpango wangu.

"Pampu haipimwi ikiwa nzima," niliwaambia. "Karakanani ukitaka kuijua pampu, unaziba hapa, unalegeza pale, unakata umeme ghafla, halafu unaangalia maji yanarudi wapi. Na sisi tutafanya hivyo hivyo. Tutachukua kila namna ya kumiliki, halafu tutavunja kitu kimoja kimoja. Tutaona jengo linamwendea nani."

"Tutavunja nini?" mke wangu aliuliza.

"Watu."

"Haya, mume wangu. Tuanze na nani?"

Bakuli la sukari likawa jengo. Mimi nikawa nati kubwa ya pampu niliyoitoa kwenye droo, Breki akaweka ufunguo wa gari, na dada akavua kastabini kidoleni. Mke wangu tulimfanya msajili wa hati, kwa kuwa yeye ndiye asiyependelea mtu tukicheza karata. Kijiko kilikuwa mkononi mwake.

Tulianza na njia yangu ya siku zote, jina moja, la mkubwa. Nati peke yake ndani ya bakuli.

"Sasa nimekufa," nilisema.

"Umekufa na nini?" aliuliza Breki.

"Haijalishi nimekufa na nini!"

"Inajalisha. Kama ni presha basi tumekuua sisi, na jengo hatutaachiwa."

Mke wangu akaitoa nati kwa kijiko. Tukamwuliza, yeye kama mjane wangu, angefanya nini. Alifikiri, na nilifurahi kumwona anafikiri kweli.

"Ningewapa sehemu yao," alisema. "Lakini karatasi inasema la marehemu mume wangu. Na nina watoto. Mkwe wangu yule wa mwisho mnamjua."

"Ungetupa, shemeji," Breki alisema. "Mkweo angetupa mawe."

Dada hakucheka. "Jina moja halifai," alisema, na nikafuta njia ya kwanza, jina langu likiwa ndani yake. Naungama haikunipendeza. Lakini kipimo ni kipimo.

Jumapili iliyofuata tulijaribu majina yote matatu kwa pamoja, kwa ile namna ambayo mmoja akifa sehemu yake inawaendea waliobaki, na wa mwisho kuwa hai anachukua lote. Nati, ufunguo na kastabini vyote bakulini. Tulimwua Breki kwanza, akalala kwenye kiti ametoa ulimi. Kisha mimi. Kastabini ikabaki peke yake juu ya sukari.

"Mungu wangu," dada alisema. "Jengo lote langu."

"Na watoto wangu je?" Breki aliuliza kutoka mautini.

"Hawamo," nilimjibu.

Akafumbua macho. "Kwa hiyo tunashindana kuishi! Basi mimi sigara naacha leo leo."

"Mimi kila mkikohoa nitakuwa nawaletea tangawizi," dada alisema, "na rohoni sijui nitakuwa naomba nini. Wifi, hilo nalo toa."

Nilianza kuupenda mchezo huu kuliko nilivyotegemea. Katikati ya juma nilijikuta nikimwuliza kinyozi kibanda chake ni cha nani hasa, na akisema cha kwake na shemeji yake, namwuliza shemeji akifilisika itakuwaje, mpaka akaacha kuninyoa akashika kiuno. Nilimwuliza mwenye bucha na mwenye duka la rangi, na wote walijua vizuri walichonacho, ila hakuna aliyejua kingeenda wapi. Nilirudi nyumbani kila mara na maswali mengine, nikayapeleka kwenye kitabu.

Tulijaribu namna ya tatu, kila mtu na sehemu yake mwenyewe isiyochanganyika na ya mwenzake, ukifa wanachukua wanao. Kifo hakikuisumbua hata kidogo. Nikafurahi, nikampa Breki deni. Nilimgongesha lori la tajiri wake, na mdai akaja mezani, yaani mke wangu kwa sauti nzito, anataka sehemu ya Breki iuzwe alipwe.

"Atauziwa nani?" dada aliuliza.

"Yeyote mwenye pesa. Mnaamka asubuhi mna mwenzenu msiyemjua."

"Mbona mimi tu ndiye ninayegonga magari?" Breki alilalamika. "Mpeni kaka deni na yeye. Mnunulieni suti kumi."

Ubia nao ulidumu dakika chache tu, kwa sababu katika ubia mmoja akisaini wote wamesaini, na Breki, kabla hata hatujamwua, alikuwa amekwisha kukopa mabati mapya kwa jina la sote na kumpa kazi ya kuezeka rafiki yake. "Paa lilikuwa linavuja," alijitetea. Mke wangu alisema paa la bakuli la sukari halivuji.

Nilikuwa nimeiweka kampuni mwisho makusudi. Katika masomo ya jioni ndilo somo lililonishangaza kuliko yote: kwamba watu wanaweza kukaa chumbani, wakaandika karatasi, na akazaliwa mtu mwingine asiye na mwili. Haumwi, haoi, hastaafu. Anaweza kumiliki jengo, kushtaki na kushtakiwa, na nyinyi mliomzaa mna hisa tu ndani yake. Madeni yake ni yake na yenu ni yenu. Nilikuwa mtu mzima niliposikia hayo kwa mara ya kwanza, na nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani nikiyafikiria.

Jumapili ile nililifunika bakuli kwa kifuniko chake, nikasema kifuniko ndicho kampuni. Sisi tulikaa nje ya bakuli na hisa zetu: mimi nusu, wao robo robo. Tuliuana sote, jengo halikutikisika, watoto walirithi hisa. Tulimpa Breki madeni, mdai akabisha hodi kwenye kifuniko akakosa wa kumfungulia. Nilimpa mke wangu talaka, naye akasema asante, jengo likabaki vilevile. Mpangaji aliteleza ngazini akavunjika mguu, akaishtaki kampuni, na vitanda vyetu havikuguswa.

"Hii ndiyo," nilisema. Nilisikia raha ile ya pampu inapoanza kuvuta bila kelele.

"Bado ugomvi," mke wangu alisema. "Hamjagombana."

"Tugombane," alisema Breki, na kabla sijajua alikuwa amechukua kofia yangu, ametoka nje, amebisha hodi na kuingia kama mgeni. "Hamjambo wakurugenzi? Mimi nina duka la dawa. Nataka chumba chenu cha mbele. Rafu zangu ni za alumini, nyeupe, zina vioo, na nitaweka taa ya kijani mlangoni. Nalipa mara mbili ya huyo mpangaji mliye naye."

"Mpangaji aliyepo ni mimi," dada alisema, akitabasamu.

"Pole sana, mama. Wakurugenzi waamue."

Mke wangu aligonga kijiko kwenye kikombe. "Wanaoafiki?"

Breki aliinua mkono akicheka. Na mimi niliinua wangu. Kitabu kinasema wazi kwamba mkurugenzi anatazama faida ya kampuni, si ya mtu, na kodi mara mbili ni kodi mara mbili. Mkono ulipanda wenyewe. Nakumbuka hata nilipendezwa na jinsi mtambo ule ulivyofanya kazi bila kukwama.

"Robo tatu kwa robo moja," alitangaza mke wangu, na sauti yake ikapungua katikati. Alifunua bakuli, ambamo kastabini ilikuwa imewekwa kuonyesha chumba cha mbele, akaichota kwa kijiko, akaiweka mezani.

Dada aliipangusa sukari taratibu, akaitia mfukoni.

"Basi mchezo umeisha," alisema. "Mmenihamisha mara ya nne. Na safari hii kwa pesa zangu mwenyewe."

"Dada, ni utani!" Breki alisema.

"Chai ilikuwa nzuri, wifi." Akatoka.

Kesho yake alinitumia ujumbe mfupi. Alisema tumtoe kwenye ununuzi, tutafute mwingine wa robo yake, yeye hana kinyongo.

Bila robo yake jengo lilikuwa halinunuliki. Lakini sitaki kusema kwamba hilo ndilo lililonipeleka kwake. Aliyekwenda kwake alikuwa fundi aliyeona mtambo umevuja mahali asipopatarajia, na alitaka kujua maji yametokea wapi.

Nilimkuta chumbani kwake nyuma ya duka la rangi, ameinama juu ya kola ya shati jeupe chini ya taa. Harufu ya tina ya kuchanganyia rangi ilikuwa inapita chini ya mlango. Nilikaa kwenye marobota ya vitambaa.

"Ulikuwa mchezo, mdogo wangu," nilisema.

"Ndiyo maana ulisema kweli," alijibu bila kusimamisha mashine. "Kaka, uliinua mkono hata hukunitazama."

Alimaliza kola, akakata uzi kwa meno.

"Naweza kukuahidi," nikasema. "Chumba ni chako nikiwa hai."

"Na ukifa? Si wewe uliyetufundisha kuua watu?" Sasa alicheka kidogo, ila macho yalikuwa mekundu, sijui kwa taa au kwa nini. "Ahadi yako atairithi nani? Yule mkweo?"

"Tukupe hisa zaidi?"

"Sina pesa za hisa zaidi, na sitaki zawadi. Na hata ningekuwa na nusu, mngeungana nyinyi tukabaki tunatazamana, chumba kimefungwa. Mimi nina cherehani mbili, kaka, na macho yanayokwisha. Faida mkigawana nitafurahi, lakini sikuleta akiba yangu kwa ajili ya faida. Nimeileta nipate mahali ambapo asubuhi nikifika hakuna mtu amesimama mlangoni na habari."

Nilimwuliza kama angekubali tuende wote kwa wakili kabla hajaondoka. Alisema atakwenda kusikiliza tu, na anavaa viatu vya kawaida, si vya sherehe.

Wakili alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, ofisi yake juu ya duka la vyombo, feni inageuka polepole kama inaogopa kupeperusha karatasi. Nilikuwa nimevaa koti na nimebeba kitabu changu. Alikitazama kwa heshima, akasema yeye alisomea toleo la baadaye. Nilimweleza vipimo vyetu vyote, kifo, deni, talaka na mpangaji aliyevunjika mguu. Aliacha kuandika, akaegemea kiti.

"Mzee, wateja wangu wengi huanza kuuliza haya baada ya mtu kufa kweli."

"Sasa swali langu," nikasema. "Kuna kitu gani kinachoweza kumfunga mwenye jengo mwenyewe? Si mpangaji. Mwenyewe. Kimfunge leo, na yule atakayemnunua kesho, na wanaorithi kesho kutwa?"

"Kipo," alisema. "Nyinyi mmekuwa mnatafuta sanduku moja la kuweka kila kitu. Jengo linaweza kuwa la kampuni, na haki ya kutumia chumba kimoja ikawa ya mtu. Mkataba wa upangaji wa muda mrefu, tuseme miaka thelathini, ulioandikishwa juu ya hati yenyewe ya jengo. Siku hiyo hiyo kampuni inaponunua, inampangisha mama huyu chumba cha mbele. Baada ya hapo pigeni kura mpaka usiku uingie. Uzeni jengo, fieni mbali, chumba kinakwenda na mkataba wake. Anayenunua analinunua pamoja na mpangaji wake."

Nilikuwa nimekisoma kitabu kile mara mbili, na upangaji wa muda mrefu ulikuwa katika sura nyingine kabisa, ambayo niliiruka kwa kuwa sisi tulikuwa wenye nyumba, si wapangaji.

"Na akifa yeye?" niliuliza haraka.

"Miaka iliyobaki ni ya warithi wake."

"Akishindwa kulipa?"

"Asipolipa anapoteza. Hiyo ni lazima, la sivyo kampuni itaumia."

"Kulipa sijawahi kushindwa," dada alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo ofisini mle.

Breki alikuwa anajikuna shingo tangu tulipoingia. "Samahani, wakili," alisema. "Jengo lenye chumba kilichofungwa miaka thelathini, bei yake sokoni si inashuka?"

"Inashuka. Siwezi kuwaficha."

"Kwa hiyo tunanunua vyumba sita, tunabaki na vitano."

"Sita, na kimoja kina mwenyewe," nilimrekebisha.

"Kaka, fikiria vizuri. Wewe ndiye mwenye nusu, wewe ndiye utakayeumia zaidi." Alishusha pumzi. "Halafu yule mwenye duka la dawa… si wa kuigiza. Yupo. Nimeongea naye. Kodi aliyotaja ni hiyo hiyo niliyoisema mezani."

Feni iligeuka. Nilimtazama dada, maana safari hii nilikumbuka kumtazama. Hakuwa ameshtuka.

"Nilijua," alisema. "Mtu haigizi mpaka rafu za alumini."

"Sikutaka kukuhamisha, dada. Nilitaka kuona kaka atasema nini."

"Nawe umeona."

Wakili alijifanya anatafuta karatasi. Mimi nilifikiri kwa njia ninayoijua. Ile kura ya mezani haikuwa mchezo, basi. Ilikuwa kura ya kweli iliyotangulia tu mwezi mmoja, na katika kura ile niliyempigia ni kifuniko cha bakuli la sukari. Kampuni niliipenda kwa sababu haina mwili. Sasa niliona ubaya wake ulikuwa hapo hapo: haina macho ya kuuma, haina mashine za kubeba mvuani, na haiwezi kumwonea mtu haya. Kama ilihitaji kuona haya, ilibidi tuiandikie kabla haijazaliwa.

"Andika mkataba wa chumba," nilimwambia wakili. "Uwe wa kwanza. Kabla ya hisa, kabla ya chochote. Na hasara ya bei, nusu yake ni yangu, naijua."

"Robo yake ni yangu na mimi siijui," alisema Breki.

"Breki."

"Haya, haya. Nitamwambia mwenye duka la dawa achukue cha pembeni."

"Akikataa?" aliuliza dada.

"Hakatai. Watu wanaugua hata wakiwa pembeni." Kisha akamgeukia wakili. "Na mimi kile kivuli cha nyuma ya jengo niandikie miaka thelathini ya kuegesha gari."

"Gari lipi?" dada alimwuliza. "Si umeuza?"

"Nitakalonunua na kodi ya duka la dawa."

Ilibaki kodi ya chumba cha mbele, na hapo nilijifunza kitu ambacho hakimo katika toleo langu wala katika lile la baadaye. Nilikuwa mwenyekiti wa kampuni ambayo haijazaliwa, nikipatana bei na dada yangu. Nilidhani atataka upendeleo. Alitaja kiasi cha haki, kinachozidi hata anacholipa nyuma ya duka la rangi, halafu akapigania kila kitu kilichobaki kama paka aliyebanwa kwenye kona. Nani anapaka rangi ukuta wa nje? Kodi itapanda mara ngapi, na kwa kipimo gani, na nani anapima? Taa ya barazani inawaka kwa mita ya nani? Bango lake litakuwa na upana gani? Nilipomwambia kampuni haiwezi kukubali bango linalofunika dirisha la juu, aliniuliza kampuni imekaa kwenye kiti gani aisikie yeye mwenyewe. Wakili alicheka akakosea kuandika, akaanza ukurasa upya.

Jina la kampuni tulilibishania juma zima lililofuata. Jina langu halimo.

Siku ya kusaini nesi alikuwepo, ameshafunga mizigo, na alipoambiwa mnunuzi ni nani aliliandika jina lile la kampuni kwa mwandiko wa kwenye chati za wagonjwa, kisha akatutakia heri. Alipoondoka wakili akatoa mkataba wa chumba. Mimi na Breki tulisaini kwa niaba ya kampuni. Kalamu ikamfikia dada, akaishika, hakusaini.

"Nina swali," alisema. "Mimi nikiwachoka hawa, naweza kuhama?"

"Unaweza," wakili alisema. "Unatoa notisi ya miezi mitatu, unaondoka."

"Na wao wakinichoka?"

"Ukiwa unalipa kodi na kutunza chumba, hawawezi kukutoa mpaka muda wake uishe."

"Hata kaka akiinua mkono?"

"Hata akiinua yote miwili."

"Imeandikwa wapi?"

Wakili alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Dada hakutegemea macho yake. Alisogeza kiti karibu.

"Nisomee."

Wakili akasoma kifungu chote, kwa ile lugha ndefu ya mikataba inayozunguka mara tatu kabla ya kukaa. Breki alianza kutazama saa, nikamkanyaga mguu chini ya meza. Dada alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza cherehani iliyotoka kutiwa mafuta.

"Soma tena," alisema. "Polepole."

Wakili akarudia kutoka mwanzo, na safari hii hata Breki alisikiliza.